Kusoma Sheria Katika Chuo cha Mjini: Mwongozo wa Kuanzia Kuchagua Programu hadi Mwaka wa Mwisho

Mwanafunzi wa sheria hutumia saa nyingi kusoma, lakini alama hazitolewi kwa kusoma. Hutolewa kwa kuandika. Unapewa mkasa ambao hujawahi kuuona, na kwa muda mfupi unatakiwa useme ni kanuni ipi ya sheria inahusika, inaugusaje mkasa huo, na upande wa pili utajibu nini. Wengi hulifahamu hili baada ya matokeo ya muhula wa kwanza, wakati mazoea ya kusoma vibaya yamekwisha kuota mizizi. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuanzia mwisho: kila unachofanya kuanzia wiki ya kwanza kikuandae kuandika jibu.

Mwongozo unahusu zaidi vyuo vya nchi ambazo hukumu za mahakama za juu huzifunga mahakama za chini, kama Uingereza, Marekani na nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza. Anayesoma katika nchi inayotegemea zaidi sheria zilizokusanywa katika vitabu vya sheria, kama Ufaransa, atakuta mtihani wa namna nyingine, ingawa sehemu za ratiba, kliniki ya sheria (kitengo cha chuo ambapo wanafunzi huhudumia wateja halisi chini ya wakili msimamizi) na mahakama zitamfaa vilevile.

Hatua ya 1: Anza na leseni, ndipo uchague programu

Swali la kwanza si chuo kipi kina jina. Ni hili: unataka kufanya kazi wapi, na chombo kinachosajili mawakili huko kinatambua shahada gani? Andika jibu kabla ya kujaza fomu yoyote.

Marekani, shahada ya sheria inayompeleka mtu kwenye uwakili husomwa baada ya shahada nyingine ya kwanza, na huchukua miaka mitatu kwa anayesoma mchana. Vyuo vilivyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani vinatakiwa kudai angalau krediti 83 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na kati ya hizo angalau 6 ziwe za mafunzo ya vitendo, yaani kliniki, mafunzo kazini au kozi za kuigiza kazi ya wakili. Masomo hayawezi kumalizwa chini ya miezi 24, na kwa kawaida hayapaswi kuvuka miezi 84. Uingereza mambo ni tofauti: mtu huingia kusoma sheria moja kwa moja kutoka sekondari na kumaliza kwa miaka mitatu, kisha njia inagawanyika. Anayetaka kuwa wakili wa ofisini hufanya mtihani wa kitaifa ulioanza mwaka 2021, na lazima awe na miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaokubalika. Anayetaka kusimama mahakamani husoma kozi maalumu, kisha hukaa miezi 12 chini ya wakili mzoefu.

Shahada ya uzamili huleta mkanganyiko mkubwa kuliko zote. Kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, inakuingiza ndani ya eneo moja kama kodi, biashara ya kimataifa au haki za binadamu, na peke yake mara nyingi haimfanyi mtu kuwa wakili. Yapo maeneo yanayoruhusu. Jimbo la New York, kwa mfano, huweza kumruhusu mwenye shahada ya sheria ya nchi ya nje kufanya mtihani wa uwakili baada ya uzamili wa angalau krediti 24, lakini linadai kozi fulani ndani ya hizo krediti, na linachunguza kwanza kama shahada yako ya nyumbani ilikuwa ya urefu na maudhui yanayotosha. Watu hukosea hapa kwa kuchagua kozi wanazozipenda, kisha wakamaliza mwaka bila zile zinazodaiwa. Omba uchunguzi wa shahada yako mapema sana, maana nyaraka hutoka chuo cha kwanza, na hakuna anayeweza kuziharakisha kwa niaba yako.

Ukishajua njia, ukiulize chuo maswali haya kwa maandishi, nawe utunze majibu:

– Kozi za lazima ni zipi, na je, zinafundishwa kila muhula au mara moja kwa mwaka? Ukifeli kozi ya mara moja kwa mwaka, unaweza kuchelewa mwaka mzima.
– Kliniki ya sheria ina nafasi ngapi, na wanaoomba ni wangapi? Tangazo zuri la kliniki lenye nafasi nane halikusaidii sana katika darasa la watu mia mbili.
– Wanaofaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza ni sehemu gani ya waliomaliza? Sisitiza maneno “mara ya kwanza”.
– Ufadhili una sharti la wastani wa alama? Wangapi waliupoteza mwaka uliopita?

Swali la mwisho lina uzito wake. Vyuo vingi vya Marekani hugawa alama za mwaka wa kwanza kwa uwiano: idadi ya watakaopata daraja la juu imepangwa kabla, hata kama darasa zima limeandika vizuri. Ikiwa ufadhili unadai uwe katika theluthi ya juu, na waliopewa ufadhili huo ni nusu ya darasa, hesabu yenyewe inasema baadhi yao lazima waupoteze.

Programu ya jioni ipo katika vyuo vingi vya mijini kwa sababu wanafunzi wake wanafanya kazi. Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne badala ya mitatu. Kabla ya kuichagua, hakikisha kwamba kliniki, mashindano ya mahakama ya mazoezi na ofisi ya ajira navyo vinapatikana baada ya saa za kazi. Mara nyingi madarasa huwa ya jioni lakini huduma nyingine za chuo hutolewa mchana tu, ukiwa kazini.

Hatua ya 2: Pima wiki kabla ya kupanga chumba

Chukua muhula wa krediti 15. Kwa kanuni ya vyuo vya Marekani, krediti moja ni dakika 50 darasani na saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki. Krediti 15 maana yake ni saa 12 na nusu darasani pamoja na saa 30 za kusoma na kuandika: saa 42 na nusu kwa wiki, kabla hujapika wala kufua.

Sasa ongeza barabara. Chumba cha bei nafuu kilicho mwendo wa saa moja na nusu kutoka chuoni kinakula saa 15 kwa siku tano. Hiyo ni nusu ya muda wako wote wa kusoma. Mtu hujiambia atasoma ndani ya basi au treni, na kweli anaweza kupitia muhtasari akiwa amekaa, lakini hukumu ndefu haisomeki ukiwa umesimama umeshika bomba. Ushauri wetu: linganisha kodi ya nyumba pamoja na nauli na saa. Ukilazimika kukaa mbali, omba ratiba inayokusanya madarasa katika siku tatu au nne, na ufike chuoni asubuhi hata kama darasa ni la mchana.

Kama unafanya kazi ya muda, anza na saa chache katika muhula wa kwanza kisha uongeze ukijijua. Chuo kinaweza kuwa na kikomo cha saa, na mwanafunzi wa kigeni ana kikomo cha viza juu ya hicho. Kuvuka kikomo cha viza si kosa dogo kwa mtu anayejiandaa kuapishwa kuwa wakili.

Hatua ya 3: Soma hukumu kwa mpangilio

Utaratibu wa kufundisha sheria kwa hukumu zenyewe badala ya vitabu vya maelezo uliingizwa Harvard na Christopher Columbus Langdell, aliyekuwa mkuu wa kitivo kuanzia 1870. Umeenea mbali, na ndio unaowachosha wanafunzi wapya, kwa sababu hukumu haikuandikwa kwa ajili yao. Jaji aliwaandikia wenye kesi.

Tutumie kesi moja ambayo karibu kila mwanafunzi wa mfumo huu huisoma: Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa mwaka 1932 na Baraza la Malodi, wakati huo likiwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa shauri hilo lililotoka Scotland. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, rafiki wa Bi Donoghue alimnunulia kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Baada ya kunywa kiasi, rafiki alimimina kilichobaki, na kwa maelezo ya Bi Donoghue likatoka konokono lililooza. Aliugua, akamshtaki mtengenezaji.

Isome mara mbili. Mara ya kwanza pita haraka, bila kalamu, ukitafuta mambo matatu tu: nani anamdai nani, anataka nini, na nani alishinda. Ukishajua mwisho, rudi mwanzo na kalamu, uandike ukurasa mmoja, usizidi, kwa mpangilio huu.

Jina, mahakama na mwaka. Usipuuze mahakama: ndiyo inayokuambia kama uamuzi unafunga au unashawishi tu.

Matukio yenye uzito. Jipime hivi: nikibadilisha jambo hili, uamuzi ungeweza kubadilika? Kwamba kinywaji kilikuwa cha tangawizi hakuna uzito. Kwamba kilinunuliwa na rafiki kina uzito mkubwa, kwa sababu Bi Donoghue hakuwa na mkataba na mtu yeyote, si mwenye mgahawa, si mtengenezaji. Kwamba chupa haikuonyesha ndani nako kuna uzito: hakuna ambaye angeweza kuligundua konokono njiani.

Safari ya kesi. Jaji wa kwanza alikubali shauri liendelee, mahakama ya rufani ya Scotland ikalikataa, Baraza la Malodi likalirudisha. Wanafunzi huiruka sehemu hii, kisha hukosea jambo la msingi: Baraza halikuamua kwamba konokono lilikuwemo. Liliulizwa kama madai hayo, yakithibitishwa, yanaweza kumfanya mtengenezaji awajibike kisheria. Ushahidi wa konokono haukuwahi kusikilizwa.

Suala la kisheria. Liandike kama swali la ndiyo au hapana, lenye matukio ndani yake: je, mtengenezaji wa bidhaa iliyofungwa anadaiwa uangalifu na mlaji wa mwisho asiye na mkataba naye, pale ambapo hakuna nafasi ya kawaida ya bidhaa kukaguliwa njiani? “Je, kulikuwa na uzembe?” si suala, ni jina la sura ya kitabu.

Uamuzi na kiini chake. Ndiyo, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Kiini cha uamuzi, ambacho wanasheria hukiita kwa Kilatini ratio decidendi, ni kile tu kilichohitajika ili kufikia jibu. Lord Atkin, mmoja wa majaji hao watatu, alisema pia jambo pana zaidi: mtu anapaswa kujihadhari asimdhuru “jirani” wake, yaani yeyote ambaye kwa busara angepaswa kumfikiria kuwa ataguswa na matendo yake. Mambo hayo mawili yaweke mbalimbali katika maandishi yako. Kanuni finyu inakusaidia kwenye kesi inayofanana. Kanuni pana inakusaidia unapotaka kwenda mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Maoni ya wachache. Mistari miwili. Majaji wawili walihofia kuwa mlango ukifunguliwa hautafungika. Hofu hiyo itakuwa hoja ya mdaiwa katika mtihani wako, ndiyo maana inaandikwa.

Makosa mawili yanajirudia kila mwaka. La kwanza ni kusoma dondoo iliyo juu ya hukumu na kuishia hapo. Dondoo hiyo kwa kawaida huandikwa na mhariri wa taarifa za sheria, si jaji, na inaweza kuacha jambo lililoamua kesi. La pili ni kupiga rangi kila mstari. Ukurasa wote ukiwa wa njano, hujachagua chochote.

Usinunue mihtasari iliyokwisha kuandikwa katika muhula wa kwanza. Faida ya ukurasa wako haiko kwenye karatasi. Iko katika kuchagua nini kiingie. Muhula wa pili, ukishazoea, unaweza kupunguza ukurasa mzima kuwa maelezo mafupi pembeni mwa kitabu.

Hatua ya 4: Darasani

Mwalimu akikutaja na kukuuliza, hapimi kumbukumbu. Atakuuliza ukweli wa kesi, kisha atabadilisha jambo moja: je, kama chupa ingekuwa ya kioo cheupe? Jibu msimamo kwanza, sababu baadaye, na ukiona sababu yako imeanguka, sema imeanguka na utoe nyingine. Hujasoma? Mwambie kabla ya kipindi.

Andika maswali ya mwalimu kuliko majibu ya wenzako. Yale mabadiliko madogo anayoyatupa darasani ndiyo malighafi ya mtihani wake, na mwanafunzi anayetaipu kila neno kwa kompyuta huyapoteza katikati ya kurasa mia mbili.

Hatua ya 5: Geuza kozi iwe majibu

Kuanzia wiki ya nne au ya tano, anza muhtasari wa kozi. Usiupange kwa kesi. Upange kwa maswali. Katika sheria ya madhara, yaani madai ya fidia ya aliyedhuriwa kama Bi Donoghue, kichwa kisomeke “Je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu?”, chini yake kanuni, chini ya kanuni kesi moja au mbili kwa sentensi moja kila moja, na mwisho “hoja za kukataa”. Muhtasari wa kurasa 20 au 30 unatosha kwa kozi nzima. Wiki mbili kabla ya mtihani, ufinye hadi kurasa mbili ambazo ni maswali tu, kwa mpangilio wa kuyajibu.

Sambamba na hilo, andika. Maktaba za vyuo vingi hutunza mitihani ya nyuma. Chukua swali moja kila wiki, weka saa, andika bila kufungua kitabu, ukijua kwamba jibu la kwanza litakuwa baya. Mfano:

Muuzaji wa jumla alinunua mafuta ya nywele kwa pipa, akayamimina katika vichupa vyake. Mteja akanunua kichupa, akampa rafiki yake zawadi. Kemikali iliyozidi kiwandani ikamchoma rafiki kichwani. Mshauri rafiki huyo.

Jibu dhaifu husema: “Katika Donoghue dhidi ya Stevenson ilishikiliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji. Hivyo kiwanda kitawajibika.” Kanuni ipo, lakini haijakutanishwa na mkasa.

Jibu zuri linaanza na tatizo: kiwanda kitasema chupa ya Bi Donoghue ilifika kama ilivyotoka kiwandani, ilhali hapa pipa lilifunguliwa na mtu wa kati, aliyekuwa na nafasi ya kukagua. Kisha linatafuta kesi ya karibu zaidi. Katika Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, iliyoripotiwa 1936, nguo za ndani za sufu zilizobaki na kemikali zilimletea mnunuzi ugonjwa wa ngozi. Ukweli kwamba bidhaa zilipita dukani haukumwokoa mtengenezaji, kwa kuwa kasoro ilijificha na hakuna ukaguzi wa kawaida ambao ungeifichua. Ndipo jibu linageukia mkasa: kemikali iliyozidi haionekani kwa macho, na hakuna dalili kwamba muuzaji wa jumla alitarajiwa kupima mafuta. Lakini je, vichupa vyake vilikuwa safi? Aliongeza chochote? Ikiwa ndiyo, kiwanda kitadai madhara hayakutoka kwake. Mwisho linatoa msimamo: dai dhidi ya kiwanda lina nguvu, ila ushahidi wa chanzo cha kemikali ndio utakaoamua.

Tazama kilichobadilika. Neno “kwa kuwa” limeingia. Msahihishaji analitafuta hilo neno kuliko majina ya kesi.

Kikundi cha kujisomea kiwe cha watu watatu au wanne. Kikundi kinachogawana sura, huyu ya kwanza yule ya pili, huwafanya wote wajue robo ya kozi. Kinachofaa ni kila mmoja kujibu swali lilelile kwa saa moja, kubadilishana karatasi, kisha kubishana kwa nusu saa.

Kuhusu programu za akili mnemba: zinaweza kukuundia mikasa ya mazoezi, lakini usizitegemee kukutajia kesi. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Kanuni ni rahisi: usitaje hukumu ambayo hujaifungua mwenyewe kwenye hifadhi ya hukumu au taarifa za sheria na kusoma ukurasa unaouhitaji. Soma pia sera ya chuo chako, maana kozi moja inaweza kuruhusu na nyingine ikakataza kabisa.

Hatua ya 6: Chumba cha mtihani

Gawa dakika kwa alama. Mtihani wa saa tatu wenye maswali ya alama 40, 35 na 25 una dakika 180. Toa 15 za kusoma karatasi nzima na 15 za kurekebisha mwishoni, zinabaki 150. Swali la kwanza linapata dakika 60, la pili 52, la tatu 38. Ziandike saa halisi za kuanza na kumaliza juu ya karatasi ya rasimu, na muda ukifika, hama hata kama sentensi haijaisha. Alama kumi za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuliko alama mbili za mwisho za swali la zamani.

Robo ya muda wa kila swali iwe ya kupanga. Soma maagizo ya mwisho wa swali kabla ya mkasa: “mshauri muuzaji” na “mshauri rafiki” ni majibu mawili tofauti. Mtihani wa kuingia na vitabu nao una mtego wake. Anayekuja na rundo la karatasi hutumia dakika kutafuta badala ya kuandika. Zile kurasa mbili ulizofinya ndizo za kuweka mezani.

Hatua ya 7: Utumie mji

Hapa chuo cha mjini kinashinda. Mahakama zipo umbali wa kutembea, na kwa kawaida mashauri husikilizwa hadharani. Angalia orodha ya kesi ya siku hiyo, chagua rufani au ushahidi wa shahidi badala ya kutajwa tu kwa kesi, fika nusu saa kabla, zima simu, kaa nyuma, simama jaji anapoingia, wala usirekodi. Mashauri ya watoto na baadhi ya ya familia hufungwa kwa umma. Ukiambiwa toka, toka. Chukua daftari na uandike kitu kimoja: kila jaji alipomkatiza wakili, aliuliza nini?

Kliniki ni jambo zito zaidi, kwa sababu mtu aliye mbele yako ana nyumba inayotaka kuchukuliwa au kibali cha kuishi kinachokwisha. Mahojiano ya kwanza yafuate mpangilio. Kabla ya hadithi yenyewe, chukua majina ya pande zote na umpe msimamizi achunguze mgongano wa maslahi. Ukishasikiliza siri za mtu kisha ikabainika kliniki inamtetea mpinzani wake, umewaharibia wote wawili. Pili, uliza tarehe: lilitokea lini, ulipokea barua lini, umeandikiwa ufike lini? Haki nyingi hufa kwa kupitwa na muda, na karatasi yenye tarehe mara nyingi imekunjwa chini ya bahasha ambayo mteja hakuiona kuwa muhimu. Tatu, mwache aeleze bila kumkatiza. Nne, rudi naye nyuma kwa mpangilio wa tarehe. Tano, nakili nyaraka na umrudishie za asili. Mwisho mweleze nini kitafuata na lini, bila kumwahidi ushindi. Andika kumbukumbu siku hiyohiyo.

Mteja atakuuliza pale pale, “Mwanangu, nitashinda?” au “Dada, nisaini hii?” Usijibu kwa kumhurumia. Mwanafunzi hatoi ushauri wa kisheria bila idhini ya wakili msimamizi. Mwambie utampigia baada ya kuongea naye, kisha umpigie kweli.

Siri zina adui mmoja mjini, nayo ni msongamano. Lifti ya mahakama, foleni ya chakula na basi la kurudi chuoni vimejaa watu wa upande wa pili. Usitaje jina wala mkasa mpaka mlango wa kliniki ufungwe. Ukipata pia nafasi ya mafunzo katika ofisi ya mawakili, mjulishe msimamizi wa kliniki kabla ya kuikubali.

Tunza rekodi ya saa na kazi ulizofanya, imesainiwa. Kwa anayeelekea uwakili wa ofisini Uingereza, kazi ya kliniki inaweza kuhesabiwa ndani ya ile miaka miwili ikithibitishwa na wakili anayeruhusiwa. New York nayo kwa kawaida humtaka mwombaji awe amefanya saa 50 za msaada wa kisheria bila malipo, chini ya msimamizi. Kutafuta saini ya msimamizi aliyehama miaka mitatu iliyopita ni kazi ngumu.

Hatua ya 8: Mashindano na jarida

Chagua kimoja kwanza. Mashindano ya mahakama ya mazoezi hukufundisha kutetea upande usioupenda. Katika mashindano ya Jessup ya sheria ya kimataifa, yaliyoanza 1960, kila timu huandaa hoja za maandishi za pande zote mbili, mdai na mdaiwa, na hupewa dakika 45 za kuzungumza. Fanyeni mazoezi na watu watakaowakatiza tangu sentensi ya pili. Ukiulizwa, jibu “ndiyo, Mheshimiwa” au “hapana, Mheshimiwa” kwanza, kisha sababu, kisha urudi mahali ulipoachia. Anayesoma karatasi hupotea akikatizwa mara moja.

Jarida la sheria hufundisha uangalifu wa marejeo. Lina kazi ya kuchosha ya kukagua tanbihi, na ni zuri kwa anayetaka uzamivu au ukarani wa jaji.

Hatua ya 9: Faili ya uwakili

Fungua faili hii mwaka wa kwanza. Vyombo vingi vya usajili huchunguza mwenendo wa mwombaji: makosa ya nyuma, madeni yaliyotelekezwa, adhabu za chuo. Kinachoangusha watu mara kwa mara si kosa dogo la zamani bali kulificha, au kulieleza kwa namna moja kwenye fomu ya kuingia chuo na kwa namna nyingine kwenye fomu ya uwakili. Tunza nakala ya kila ulichokijaza. Ukigundua uliacha jambo, muone mlezi wa wanafunzi kitivoni na urekebishe kwa maandishi sasa, kabla ya mtu mwingine kuligundua.

Weka humo anwani zote ulizoishi na tarehe zake, waajiri wote, mikataba ya mikopo na barua za ufadhili. Mwanzoni mwa mwaka wa mwisho, pitia mahitaji ya krediti na ofisi ya usajili ya chuo, kozi kwa kozi, mkiwa na orodha mezani; fanya hivyo wakati bado kuna muhula mmoja wa kuongeza kozi iliyosahaulika.